Kazi ya Hamali na Kazi ya Mwanafizikia

Wapo wenzetu wanaodai kuwa istilahi haina budi kubeba maana moja tu, na kwamba neno litumikalo katika taaluma mbili limekwisha kuharibika. Dai hili yafaa lipimwe kwa neno "kazi", ambalo hakuna Mswahili asiyelijua.

Hamali wa bandarini Dar es Salaam anyanyuapo gunia la kilo 50 hadi kimo cha mita moja na nusu, mwanafizikia humhesabia kazi ya jouli zipatazo 750, yaani kani mara umbali uliokwendwa kwa mwelekeo wa kani hiyo. Lakini hamali huyo akisimama nusu saa na gunia begani akingoja lori, shingo imemkaza na jasho lamtiririka, mwanafizikia husema kuwa gunia halikufanyiwa kazi yoyote. Mwanauchumi naye huihesabu nusu saa hiyo kuwa kazi, kwani kwake kazi ni nguvu na muda wa mtu viingizwavyo katika uzalishaji. Na TANU ilipotangaza "Uhuru na Kazi" haikukusudia jouli.

Je, tuunde neno jipya kwa ajili ya fizikia? Sioni haja. Waingereza hutumia neno lao moja shambani na maabarani, wala hakuna aliyewaambia kuwa lugha yao ni changa. Na wanaotaka kukopa wakumbuke kwamba "leba" tayari ni wodi ya wazazi. Kinachotakiwa ni fasili: mwalimu aseme waziwazi ni kitu gani kinachofanyiwa kazi, na kwa kani ipi. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo, atakariri kanuni huku moyoni akiamini kuwa fizikia inamdhulumu hamali.

Linalonitia wasiwasi liko kwingine. Kichwa cha insha kama "Kazi za Fasihi katika Jamii" chaweza kumaanisha riwaya na tamthilia zilizoandikwa; chaweza pia kumaanisha manufaa ya fasihi kwa watu. Hapo maana mbili zimekutana ndani ya taaluma moja, tena katika kirai kimoja, na muktadha hauokoi. Neno "dhima" lipo, na wahakiki wamekwisha kulizoea. Basi "kazi" ibaki kwa utungo, na "dhima" ichukue manufaa. Wahariri wa vitabu vya kiada waweza kulirekebisha hilo katika chapa ijayo bila kungoja kikao cha kamati yoyote.