Kina na Vina: Harold Lloyd na Picha za Macho Mawili

Katika uhakiki wa sanaa kuna swali ambalo hurudi mara kwa mara: msanii akiisha kuiacha kazi iliyompa jina, je, yale ayafanyayo baadaye kwa kujifurahisha tuyahesabu kuwa sanaa, au tuyaache yawe mambo ya nyumbani kwake? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kumchukua Harold Lloyd, mchekeshaji wa sinema bubu wa Marekani, ambaye katika utu uzima wake alishughulika sana na upigaji wa picha za stereoskopu, yaani picha zinazoonekana kuwa na kina kama vitu vyenyewe.

Lloyd alizaliwa mwaka 1893 huko Burchard, jimbo la Nebraska, akafariki mwaka 1971 mjini Beverly Hills. Katika miaka ya 1920 jina lake lilitajwa pamoja na majina ya Charlie Chaplin na Buster Keaton. Chaplin alijulikana kwa suruali yake pana na fimbo, na Keaton kwa uso wake usiocheka. Lloyd alichagua sura ya kijana wa kawaida tu, mwenye suti, kofia ya ukili na miwani ya mviringo isiyokuwa na vioo. Mhusika wake si maskini wa kutupwa wala si mwendawazimu. Ni kijana wa dukani au wa chuoni anayetaka kupanda cheo, na hofu yake twaielewa kwa sababu ni hofu yetu.

Kazi yake ijulikanayo kuliko zote ni filamu ya Safety Last! ya mwaka 1923. Ndani yake kijana ametoka mji mdogo kwenda kutafuta maisha mjini, akapata kazi ya kuuza vitambaa katika duka kubwa, na kwa barua akamdanganya mchumba wake kwamba mambo yamemnyookea. Uongo huo, pamoja na tamaa ya dola 1,000, ndio unaomfikisha kwenye ukuta wa jengo refu, akining'inia kwenye mshale wa saa kubwa huku barabara ikiwa mbali chini yake.

Tuangalie fani iliyotumika hapo. Kitambaa cha sinema ni bapa, wala hakina kina hata cha unywele. Lloyd na wenzake walijenga vipande vya ukuta juu ya mapaa ya majengo halisi ya Los Angeles, wakaiweka kamera kwa pembe inayoficha paa na kuiacha barabara ya kweli, pamoja na magari na watu wake wadogo kama sisimizi, ionekane nyuma ya mchezaji. Chini yake palikuwa na jukwaa lenye magodoro, ila mtazamaji halioni. Ingawa katika sehemu nyingine watu wengine walipanda badala yake, mengi tunayoyaona ni yake mwenyewe, naye aliyatenda kwa mkono wa kulia uliopungukiwa kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole hivyo alivipoteza mwaka 1919, bomu lililodhaniwa kuwa la mchezo lilipomlipukia mkononi wakati akipigwa picha. Mlipuko huo ulimjeruhi jicho pia, naye akaponea chupuchupu upofu.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Sauti ilipoingia katika sinema, Lloyd alijitahidi kwenda nayo, na filamu yake ya kwanza ya sauti ilitoka mwaka 1929; lakini nyota yake haikung'ara tena kama zamani. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1947. Mwaka huo huo kampuni ya David White ya Milwaukee ilianza kuuza kamera iitwayo Stereo Realist. Lloyd akawa mpenzi wake mkubwa, hata akaandika utangulizi wa kitabu cha mafunzo ya kamera hiyo kilichochapishwa mwaka 1954. Idadi ya picha alizopiga hukadiriwa kufikia 200,000 na zaidi.

Kanuni ya picha hizi ilielezwa na Charles Wheatstone wa Uingereza mwaka 1838. Macho ya binadamu yameachana kwa kadiri ya milimita 65, hivyo kila jicho huona kitu kwa upande wake, na ubongo huziunganisha taswira hizo mbili zikawa moja yenye kina. Kamera ya stereoskopu nayo ina lenzi mbili, na hupiga picha mbili kwa mara moja. Mtazamaji huziweka katika kifaa chenye matundu mawili, kila jicho likaona picha yake. Ikiwa picha hizo zinafanana kabisa, kina hakitokei. Kinatokana na ile tofauti ndogo iliyo baina yake.

Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kutabasamu hapa, maana lugha yetu imeliweka neno moja mahali pawili. Kina ni umbali wa kwenda chini au ndani; na kina ni mlio unaorudi katika mishororo ya shairi, ambao wingi wake ni vina. Kila mwalimu amepata kusahihisha shairi lililotimiza vina vyote na ambalo halina kina chochote. Tunaonelea kwamba tatizo la picha za Lloyd ni hilo hilo.

Picha hizo zimepata kuonekana na watu wengi baada ya mjukuu wake, Suzanne Lloyd, kutoa vitabu viwili, kimoja mwaka 1992 na kingine mwaka 2004. Ndani yake mna watu mashuhuri wa Hollywood, miongoni mwao Marilyn Monroe akiwa kando ya bwawa la kuogelea, na mna wanawake wengi waliopigwa wakiwa uchi. Kwa upande wa ufundi hatuna la kulaumu. Mtu aliyezoea kupima kwa jicho umbali wa ukuta na barabara alijua kupanga kilicho karibu na kilicho mbali.

Lakini katika Safety Last! kina kilikuwa na kazi. Umbali ule wa kutoka kwenye saa hadi barabarani ulikuwa ndio umbali baina ya uongo wa kijana na ukweli wake, baina ya mshahara wake mdogo na cheo alichojisingizia. Tulipoogopa asianguke, tuliogopa pamoja naye. Katika picha za wanawake wale hakuna anayeogopa wala anayetaka jambo lolote. Wamewekwa ili watazamwe. Tena ukumbi wa sinema ulijaa watu waliocheka kwa pamoja, ilhali kifaa cha stereoskopu huinamiwa na mtu mmoja, peke yake, anayeona bila kuonekana. Kadiri kina cha mashine kinavyozidi kumleta mwanamke karibu, ndivyo utu wake unavyokwenda mbali.

Wala kosa hilo si la Lloyd peke yake. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Arch Oboler iitwayo Bwana Devil, ambayo ilianzisha wimbi la filamu za kina huko Marekani. Jina lake limebeba neno letu, na habari zake ni za simba wa Tsavo, nchini Kenya, waliowaua wajenzi wa reli mwaka 1898. Msiba ule wa watu wa kweli ukageuzwa sababu ya kumrukishia mtazamaji simba na mikuki usoni. Haikupita miaka mingi, watu wakachoka na wimbi hilo likatulia.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba tunamwonea marehemu, kwa kuwa alikuwa akijiburudisha nyumbani kwake na hakudai kuwa mpiga picha mkuu. Hoja hiyo ina uzito, nasi twaikubali kwa nusu yake. Mtu ana haki ya starehe zake. Hata hivyo, kazi ikiisha kuchapishwa na kuuzwa imeingia uwanjani, na uhakiki unaihusu. Na kwa haki hiyo hiyo tunaisifu picha ya Monroe. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1962, naye alipigwa picha nyingi mno, nyingi zikimfanya alama tu. Stereoskopu inamrudishia mwili wenye uzito, uliokaa mahali fulani, penye hewa mbele yake na nyuma yake. Hapo kina kimemhifadhi mtu, na hapo picha za Lloyd zinajitetea zenyewe.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo ni kwamba kazi ya starehe yaweza kuwa sanaa, ila haiwi sanaa kwa sababu ya chombo kilichotumika. Filamu bapa ya mwaka 1923 ina kina kuliko maelfu ya picha zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kina. Tungewaomba walimu wenzetu waukumbuke mfano huu darasani, hasa siku ya kufundisha ushairi. Mwanafunzi akileta beti zilizotimia mizani na vina, na asifiwe kwa hilo, kisha aulizwe ni nani aliye ndani ya shairi lake, na mtu huyo anataka nini.