Malipo ya Kabla: Kabla ya Nini?
Uhakiki wa Istilahi za Televisheni ya Kulipia

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika Kiswahili kwa haraka, bila ya kupimwa vya kutosha, ni zile zihusuzo televisheni ya kulipia. Nyingi zilitungwa na wafanyabiashara na watafsiri wa matangazo, zikaenea kwa redio na kwa vipeperushi, kisha zikaingia katika mikataba na nyaraka za ofisi kabla ya yeyote kuuliza kama zinasema kweli. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza nne kati ya hizo: malipo ya kabla, kifurushi, kisimbuzi (pamoja na mwenziwe king'amuzi), na kusitisha huduma. Kipimo chetu kitakuwa ni tukio moja, yaani kufa kwa huduma ya GTV mwaka 2009. Mahali tutakapozipimia istilahi hizi ni Mkoa wa Singida.

Tumeuchagua Singida kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya lugha. Wanyaturu, Wanyiramba na wenyeji wengine wa mkoa huo, hasa wazee wa vijijini, wengi wao walipata Kiswahili baada ya kupata lugha ya nyumbani. Kwao istilahi haina budi kujieleza yenyewe. Sababu ya pili ni ya kijiografia. Mawimbi ya televisheni yarushwayo na mnara husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Kijiji kilicho mbali na mnara, au kilichozibwa na kilima, hakina njia ila kupokea matangazo kutoka kwenye setilaiti. Ndiyo maana chombo cha kupokelea matangazo hayo kiliitwa ungo. Hapa tungependa kuwapongeza wananchi, kwani hakuna kamati iliyowafundisha neno hilo. Mkulima wa Iramba au Manyoni, ambaye hupepeta mtama na uwele kwa ungo, hahitaji kuelezwa umbo la chombo hicho. Laiti maneno mengine ya biashara hii yangetungwa kwa busara kama hiyo, makala haya yasingekuwa na haja.

Sasa tuliangalie tukio lenyewe. GTV ilikuwa huduma ya televisheni ya setilaiti iliyoendeshwa na Gateway Broadcast Services, kampuni yenye makao yake Uingereza. Ilianza mwaka 2007, ikaenea katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwamo za Afrika Mashariki. Ilijipatia sehemu kubwa ya haki za kuonyesha barani Afrika michezo ya Ligi Kuu ya Uingereza, nayo iliwalenga watu wa kipato cha wastani ambao bei za televisheni ya kulipia za wakati huo ziliwashinda. Tarehe 30 Januari 2009 ilizimika ghafla. Kampuni ilieleza kuwa mgogoro wa fedha ulioikumba dunia uliinyima mtaji wa kuendelea. Wateja waliokuwa wamelipia siku zilizokuwa bado hazijafika walibaki na ungo, kisanduku na kioo kitupu. Je, lugha waliyouziwa huduma hiyo iliwaambia nini juu ya hatari waliyokuwa wakiibeba?

Tuanze na malipo ya kabla. Kwa sarufi, kabla ni neno lisilojitosheleza: husemwa kabla ya mvua, kabla ya jua kuzama, kabla ya kupokea mzigo. Asemaye malipo ya kabla huacha sentensi ikining'inia, na kile kilichoachwa ndicho hasa mlipaji alichopaswa kukijua. Analipa kabla ya kupewa kitu. Kwa hiyo, tangu siku anapotoa fedha mpaka siku ya mwisho ya huduma, yeye ndiye aliyemwamini mwenye kampuni, na kampuni ndiyo yenye deni. Wengine wamejaribu malipo ya awali. Nalo ni jina lenye kasoro, kwani dukani malipo ya awali ni fungu la kwanza la bei, ambalo hufuatwa na mafungu mengine.

Kiswahili hakikuwa fukara katika jambo hili. Biashara ya pwani ina neno arbuni, yaani fedha ambazo mnunuzi huzitoa mapema ili kumfunga muuzaji asimpe mtu mwingine mali waliyoafikiana. Hatusemi kwamba arbuni ndiyo istilahi tunayoitafuta, kwa sababu mtazamaji wa televisheni hulipa bei yote, wala halipi sehemu yake. Tunachosema ni kwamba neno hilo lina jambo ambalo malipo ya kabla hayana: linamtaja muuzaji kuwa amefungwa. Lipo pia neno ambalo kila mtu hulisema, nalo ni kutanguliza. Fundi huomba umtangulizie fedha za mbao, na mteja anajua kwamba mbao zisipoonekana ana haki ya kudai. Malipo ya kutanguliza, au kwa mkato malipo tangulizi, yana mlipaji, yana mpokeaji, na yana kitu kinachosubiriwa nyuma yake.

Hapa yafaa tutoe tahadhari. Wapo wanaodhani kuwa tatizo limekwisha kutatuliwa na jina LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, lililozoeleka nchini tangu miaka ya 1990. Ni jina zuri kwa umeme. Aliyenunua uniti akasafiri, akirudi huzikuta katika mita yake, kwa kuwa kinachopimwa ni matumizi. Lakini televisheni ya kulipia haipimwi hivyo. Ada ya mwezi hupungua kwa siku, atazame asitazame. Mkulima wa alizeti aliyelipia mwezi, kisha akashinda shambani wakati wa mavuno, au umeme ukakatika kijijini kwake kwa juma zima, siku zake zimekwenda. Kuiita huduma ya namna hiyo lipa kadiri utumiavyo ni kumdanganya. Basi mtafsiri akutanapo na dhana hii na ajiulize kwanza: kinachouzwa ni kiasi, au ni muda? Lugha ya Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, nasi hatulazimiki kuirithi kasoro hiyo.

Kutoka hapo twafika kwenye kifurushi. Neno limetokana na furushi, mzigo uliofungwa katika kitambaa, nalo linaeleza vyema chaneli nyingi zilizokusanywa na kuuzwa pamoja. Hata hivyo furushi la kawaida halichakai kwa kuwekwa. Ukilihifadhi uvunguni leo, kesho utalikuta. Hivyo anayesoma tangazo la kifurushi pasipo kutajiwa muda huenda akadhani amenunua mali ya kuweka akiba. Dawa yake ni nyepesi: kifurushi kisitajwe bila ya muda wake. Iandikwe kifurushi cha siku saba, kifurushi cha mwezi, na kadhalika. Walimu nao watafanya vyema kuwazoesha wanafunzi kusema siku za kifurushi zimekwisha, badala ya kifurushi kimekwisha.

Istilahi ya tatu imezua ubishi mkubwa kuliko zote. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Singida ikafika mwaka 2014. Kila mwenye televisheni ya zamani alihitaji kisanduku cha kupokelea matangazo ya dijiti. Wananchi wengi walikiita king'amuzi, kutokana na kung'amua. Maandishi ya kiserikali yakapendelea kisimbuzi, kutokana na kusimbua, yaani kufungua msimbo. Watetezi wa kisimbuzi husema kuwa kung'amua ni kazi ya akili, na kisanduku hakina akili. Watetezi wa king'amuzi hujibu kwamba msimbo haujulikani kijijini. Pande zote mbili zina hoja.

Kwa maoni yetu, ubishi huo ulilikwepa swali lenye uzito zaidi. Kisanduku cha kampuni ya kulipia hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kugeuza mawimbi ya dijiti kuwa picha na sauti. Kazi ya pili ni kufungua chaneli zilizofungwa, kwa idhini inayotokana na malipo. Kazi ya kwanza haina uhusiano na ada ya mwezi. Ya pili ndiyo biashara. Jina moja likitumika kwa zote mbili, mwananchi huamini kuwa ada ikiisha kisanduku nacho kimekufa, hata pale ambapo ana haki ya kuendelea kuona chaneli zisizolipiwa. Suala la chaneli za bure katika visimbuzi vya kulipia lilizusha mjadala mkubwa nchini mwaka 2018, na hatuna shaka kwamba ufinyu wa istilahi uliuongezea ugumu wake. Tunapendekeza kisimbuzi libaki kwa kazi ya kwanza, na kazi ya pili itajwe kwa vitenzi ambavyo wateja wenyewe huvitumia: kufunga na kufungua chaneli. King'amuzi na liendelee katika mazungumzo. Hakuna sababu ya kumsahihisha mzee wa Kiomboi anayeeleweka.

Ya mwisho ni kusitisha huduma. Kusita ni kusimama kidogo kwa shaka, na kinachositishwa chaweza kuendelea baadaye. Kampuni iliyokoma haikusitisha kitu. Ikiwa imewekwa chini ya mfilisi, mali yake hukusanywa na kugawiwa wadai kwa utaratibu wa sheria: wenye dhamana hutangulia, wasio na dhamana hufuata. Aliyetanguliza ada yake, kwa kawaida, yumo katika kundi hilo la mwisho. Lakini ofisa akimwandikia kwamba huduma imesitishwa, atakaa akisubiri picha irudi. Naye akiendelea kuitwa mteja, wala asiitwe mdai, hatajua kwamba kuna orodha ambayo jina lake lingepaswa kuwamo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba daftari lenyewe huanza na jina sahihi.

Ili tusionekane tunakosoa tu, tuchukue sentensi tuliyoibuni kwa mfano wa mikataba ya siku hizi: "Mteja atafanya malipo ya kabla ili kupata kifurushi, na huduma itasitishwa malipo yatakapokwisha." Tungeiandika hivi: "Mteja atatanguliza ada ya siku thelathini. Siku hizo zitahesabiwa tangu chaneli zifunguliwe, atazame asitazame. Zikiisha, chaneli za kulipia zitafungwa, na chaneli za bure zitaendelea kuonekana. Kampuni ikikoma kabla ya siku hizo kwisha, mteja atakuwa mdai wa fedha za siku zilizobaki."

Yawezekana tukaambiwa kuwa maneno yamekwisha kuzoeleka na kwamba lugha ni ya watu. Ni kweli lugha ni ya watu. Ndiyo maana tumelisifu ungo na kulitetea king'amuzi. Lakini malipo ya kabla na kusitisha huduma hayakutoka kwa watu. Yalitoka mezani, kwa wenye kuuza na wenye kuandika, na meza hiyo hiyo yaweza kuyarekebisha. Wala hatudai kuwa istilahi bora ingeiokoa GTV, au ingerudisha shilingi moja ya mtu. Tunachodai ni kwamba raia aelewe, kwa lugha yake ya taifa, siku anapotoa fedha zake, kuwa amekopesha. Tunawaomba watafsiri, walimu na maofisa wazipime istilahi hizi katika kazi zao za kila siku, na watuletee maoni yao, hasa wale walioko mikoani ambako maneno haya husomwa kwa sauti mbele ya kaunta.