Sitiari ya 'shujaa' isifunike uhaba

JANGA la corona lilipobisha hodi nchini Machi 2020, lugha yetu iliwapandisha vyeo madaktari wa mashinani: wakawa 'mashujaa', wakawa 'wanajeshi wa mstari wa mbele'. Ni sitiari tamu, ila naitilia shaka. Askari hutarajiwa kufa vitani. Daktari hakula kiapo hicho. Tukimwita askari, kifo chake huwa jambo la kawaida, na aliyemnyima barakoa na glavu hatajwi kamwe. Tena askari hagomi. Ndiyo maana madaktari walipogoma Desemba 2020 wakidai bima na vifaa vya kujikinga, baadhi yetu tuliwanung'unikia. Loo! Si ni mashujaa wetu wale wale wa jana? Ujasiri wao ni wa kweli, tuusifu. Lakini sifa hazivaliwi usoni.