Kidhibiti cha Sauti Kiwe Mkononi mwa Nani?

Boléro ya Maurice Ravel, iliyochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1928, huanza na ngoma ndogo inayogongwa kwa sauti ya chini mno, nyuzi zikidonolewa kwa mbali, kisha filimbi moja inashika wimbo. Baada ya hapo mdundo ni ule ule na wimbo hurudiwa tena na tena. Kinachobadilika ni vyombo vinavyoongezeka na sauti inayopanda kwa takriban dakika 15, mpaka okestra nzima inanguruma. Ukiondoa mpando huo, hakuna Boléro. Kwa hiyo mimi hukipima kituo cha redio cha muziki wa kilasiki kwa kazi hii kabla ya nyingine yoyote.

Ukumbini, kati ya ngoma ya mwanzo na kishindo cha mwisho kuna tofauti ya makumi ya desibeli. Msikilizaji aliye garini, injini na matairi yakivuma, hana nafasi hiyo. Akiongeza sauti ili aisikie filimbi, dakika za mwisho zitamuumiza masikio.

Fundi mzuri wa sauti kituoni hulitatua hilo kwa mkono. Huketi na nakala ya noti mbele yake, akijua matarumbeta yataingia ukurasa gani. Mwanzoni huinua sauti kidogo, kisha huishusha kwa dakika nyingi, polepole kiasi kwamba sikio halishtuki. Mlima unapungua urefu, lakini msikilizaji bado anaupanda. Ufundi wote uko katika kuwahi: akingoja vyombo vya shaba viingie ndipo ashushe, okestra itasikika ikirudi nyuma pale pale inapopaswa kusonga mbele.

Mtambo wa kubana sauti, kama Optimod iliyobuniwa na Robert Orban, hausomi noti. Hupima sauti inayoufikia, ukakuza iliyo ndogo na kubana iliyo kubwa. Nchini Uingereza, Classic FM, iliyoanza mwaka 1992, inajulikana kwa kubana zaidi kuliko BBC Radio 3. Naelewa sababu, kwa kuwa wengi huisikiliza wakiwa safarini au kazini. Ila muziki wa filamu ndio unaoumia zaidi. Katika filamu ya papa, Jaws ya mwaka 1975, John Williams anatutisha kwa noti mbili nzito za chini zinazoanza kwa mbali, na ukimya kati yake. Mtambo ukizikuza noti hizo za kwanza, papa anakuwa amekwisha kufika kabla hatujaanza kumwogopa.

Sinema yenyewe iliwahi kupata jibu zuri. Fantasia ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1940 huku Leopold Stokowski akiongoza okestra, ilitumia mfumo wa Fantasound. Sauti ya filamu za wakati ule ilikuwa na mchakacho uliomeza kila kilicho kidogo. Wahandisi wakaurekodi muziki ukiwa na nguvu muda wote kwenye njia tatu, kisha wakaongeza njia ya nne isiyosikika, yenye milio ya kuamuru vipaza sauti vipande au vishuke kiasi gani. Muziki ulisafiri pamoja na maagizo yake. Mitambo ilikuwa ghali, ikafungwa katika majumba machache tu.

Redio ya kidijitali ya DAB ina nafasi ya jambo linalofanana na hilo, kwa mwelekeo wa kinyume. Kituo kinaweza kurusha muziki bila kuubana, na kando yake kikatuma maagizo ya kubana, ambayo kipokezi huyafuata pale tu msikilizaji anapotaka. Aliye garini abane, aliye sebuleni usiku aache wazi. Kiwango cha DAB kinaruhusu hayo tangu zamani, lakini si kila redio humpa mnunuzi kitufe cha kuchagua, na kituo kinachobana kila kitu mapema kinamnyima hata yule aliyenunua redio yenye kitufe hicho.