Jicho la Kusahihisha

Ali Hassan Mwinyi alifundisha Mangapwani, akaja kufunza walimu wenzake, na katikati ya miaka ya 1960 akapelekwa kwenye uongozi wa ZSTC, shirika la Zanzibar linalouza karafuu ng'ambo. Watu wanamkumbuka kama Mzee Ruksa. Ualimu wake tumeusahau. Mimi huukumbuka nikipita Kariakoo, maana mitaa hii ya mizigo ya Guangzhou na Dubai ilichangamka nchi ilipoanza kulegeza uagizaji mwaka 1984, na zaidi Mwinyi alipoingia Ikulu kama rais Novemba 1985.

Tangu hapo, walimu kadhaa wameweka chaki chini wakapanga fremu. Wengine walianza na mitumba wakati wa likizo, mshahara ukiwa hauvuki tarehe 20. Wapo wanaosema hao waliukimbia ualimu. Sikubaliani nao.

Mtazame mmoja wao akipokea sare za shule kutoka China. Kuli keshabwaga robota, winga keshaleta mteja wa Lubumbashi, kila mtu ana haraka. Mwalimu anachomoa shati la katikati ya dazeni. La juu limepangwa lionekane. Anavuta mshono wa kwapa, anahesabu vifungo, analinganisha kola na sampuli aliyobaki nayo, kisha anaandika kwenye kauntabuku kwa kalamu nyekundu. Nyekundu, mpaka leo! Aliyezoea kusahihisha madaftari 80 kwa usiku mmoja hadanganywi na kitambaa kwa kuwa kinang'aa.

Na watu anawajua. Mali kauli haina hati wala dhamana: unabeba mzigo leo, unalipa ukishauza. Benki gani ingethubutu? Lakini aliyesimama mbele ya darasa miaka 10 anamtambua wa "daftari nimesahau nyumbani" kabla hajamaliza kusema. Huyo haondoki na mzigo. Mwenye aibu ya kudaiwa hupewa, hata kama viatu vyake vimechakaa.

Kero yao ni moja. Ukiomba upunguziwe 500, unafundishwa nauli ya kontena, ushuru wa bandari na bei ya dola, halafu unalipa ileile.

Basi ukienda kununua jumla, fungua dazeni yako uhesabu hapohapo, mbele ya mwenye duka. Aliyekuwa mwalimu atakusubiri umalize.