Labani Alikuwa Mjomba: Juu ya Wasikilizaji Kutofautiana katika Kuyafahamu Maandiko

Walimu wengi wa dini, waonapo wasikilizaji wawili wamelichukua fungu moja la Biblia kwa maana mbili, husema upesi kwamba mmoja wao hakufundishwa vema. Neno hili ni jepesi, na kwa sababu ni jepesi limedumu. Nia yetu hapa ni kulipima kwa mambo yajulikanayo katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, wanakokaa Wamwera pamoja na Wayao, Wamakua na Wamakonde, na ambako tangu zamani ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama. Twaona ya kwamba tofauti nyingi huanza kabla kitabu hakijafunguliwa: huanza katika nyumba aliyolelewa msikilizaji, na katika neno alilolichagua mfasiri.

Tuanze na habari ya Yakobo na Labani, iliyo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 28 hata ya 31. Yakobo alipomkimbia Esau alitumwa aende kwa Labani, ndugu wa Rebeka mama yake. Alimtumikia miaka saba kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea. Akatumika saba mingine kwa ajili ya Raheli, na sita kwa ajili ya wanyama, jumla miaka 20. Kisha, Labani alipokuwa amekwenda kuwakata kondoo manyoya, Yakobo akaondoka kwa siri pamoja na wake zake, watoto na mifugo. Labani akamfuata, na alipomfikia akadai kwamba mabinti wale, na watoto wale, na wanyama wale, wote ni wake.

Mhubiri aliyelelewa katika ukoo wa baba, au aliyejifunza kwa vitabu vya ufafanuzi vya Ulaya, humfanya Labani kuwa mfano wa bwana mdhalimu. Yakobo kwake ni kibarua aliyepunjwa ujira, na kuondoka kwake ni kufunguliwa kwa mtumwa. Dai la Labani huliona kuwa kiburi tu, maana watoto wa Yakobo watakuwaje wa mtu mwingine?

Lakini msikilizaji wa Kimwera aliyeshika desturi ya kale huona jambo jingine tangu mwanzo. Kwanza, Yakobo hakwenda ugenini. Alikwenda kwa mjomba wake, mahali ambapo kijana ana haki ya kwenda. Pili, kuoa binti wa mjomba si jambo la kuelezwa kwa maneno mengi. Tatu, kuwatumikia wakwe kabla ya kupewa mke na baada yake si udhalimu. Zamani mwanamume wa kusini alihamia kijijini kwa mkewe, akawalimia wakwe zake, akapimwa kwa jembe. Udanganyifu wa Labani wa kumtoa Lea mahali pa Raheli utabaki kuwa udanganyifu katika kila nchi. Walakini miaka ile ya kazi haimshangazi msikilizaji huyu. Kinachomshangaza ni kule kuondoka kwa siri. Mume aliyekaa kwa wakwe, akawachukua watoto bila kuagana na wajomba wao, ametenda jambo zito.

Hapo mwalimu mwenye haraka atasema, Basi Mmwera humtetea Labani. La, si hivyo, na ndiyo maana tumeichagua habari hii. Desturi ile ile ikifuatwa mpaka mwisho humpa Yakobo haki ambayo mhubiri wa kwanza hakuiona kabisa. Wana wa Labani walinung'unika kwamba Yakobo amechukua mali yote ya baba yao. Kwa ukoo wa baba, malalamiko yao yana uzito, kwa kuwa mali ya baba ni ya wanawe. Kwa ukoo wa mama, Yakobo ni mpwa wa Labani, na mpwa ndiye mrithi. Wana wale ndio wasio na neno juu ya mali. Lakini juu ya watoto wa Lea na Raheli wana neno kubwa kuliko Yakobo, maana wao ndio wajomba. Wala Labani mwenyewe, kwa desturi kamili, hana neno la mwisho juu ya wajukuu wale. Mwenye neno kati ya wazee angekuwa kaka wa mkewe, mtu ambaye kitabu cha Mwanzo hakimtaji, kama vile kisivyomtaja mke wa Labani. Sijui vitabu vingi vya ufafanuzi vilivyouliza mke huyo yuko wapi, ila ni swali la kwanza ambalo bibi wa Kiyao mwenye mbumba yake angeuliza.

Je, twaseme basi kwamba kila mtu na asome kwa desturi yake? Hilo pia ni neno jepesi. Habari yenyewe ina mipaka, nayo huwazuia wasomaji wote wawili. Aliye upande wa Labani hana budi kufika penye ndoto ya usiku, Mungu alipomwonya Labani asimwambie Yakobo neno la heri wala la shari. Mwandishi hakuacha mashaka juu ya upande uliopewa ulinzi. Na yule asemaye kwamba watoto na wake ni mali ya mume hana budi kufika mahali ambapo Yakobo aliwaita Raheli na Lea kondeni, akawaeleza shauri lake, akangoja jibu lao. Nao wakajibu kwa kinywa chao wenyewe kwamba hawana tena fungu katika nyumba ya baba yao. Wanawake wale waliulizwa. Tumesikia mahubiri mengi juu ya Yakobo ambayo aya zile hazikusomwa. Kwa hiyo kipimo chetu si kwamba msomaji aje bila desturi, maana hakuna ajaye hivyo, bali kwamba aichukue desturi yake mpaka mwisho wa habari na kuona ni wapi habari inamkatalia.

Mtakatifu Agostino, naye Mwafrika wa kaskazini, aliligusa jambo hili katika kitabu cha 12 cha Maungamo yake, alipochunguza maneno ya kwanza ya Mwanzo. Aliona ya kwamba watu waweza kupata maana mbalimbali zilizo za kweli katika maneno yale ya Musa, akawaonya wale washindanao kwa sababu ya kupenda rai zao wenyewe kuliko kweli.

Fungu jingine ni lile la Mwanzo sura ya 2, aya ya 24, lisemalo kwamba mwanamume atawaacha baba na mama yake. Kwa wahubiri wa nchi za ukoo wa baba, fungu hili ni gumu, maana kwao aondokaye nyumbani ni bibi arusi, nao hulazimika kueleza kwamba kuacha huku ni kwa moyo tu. Huko Nachingwea maneno yale yalieleweka kama yalivyoandikwa: kijana hufunga mzigo wake, akaenda. Hapa msikilizaji wa kusini ameyapokea maneno kwa urahisi kuliko mwalimu wake. Lakini urahisi huo nao una hatari yake, maana aweza kudhani kwamba kwa kuhama amekwisha kulitimiza andiko, na mjomba akaendelea kuitawala ndoa kutoka mbali.

Kwa muda mrefu tofauti hizi zingeweza kukaa kila moja kijijini kwake. Mambo yalibadilika upesi baada ya mwaka 1947, mpango wa karanga wa serikali ya Kiingereza ulipoleta Nachingwea mitambo, reli na wafanyakazi kutoka sehemu nyingi. Mpango ule ulikoma mwaka 1951, lakini kukaa pamoja hakukukoma. Kanisa moja liliweza kuwa na mzee wa ukoo wa mama katika benchi moja na mgeni wa ukoo wa baba katika benchi la nyuma yake. Na jirani zao Waislamu wana hesabu yao ya mirathi, ambayo mwana na binti wana mafungu yaliyowekwa. Mbele ya watu hao husomwa mfano wa mwana mpotevu, Luka sura ya 15. Mgeni wa ukoo wa baba husikia mwana aliyedai mapema kitu ambacho kingekuwa chake siku moja. Aliyezoea sheria ya Kiislamu husikia mtu aliyedai mirathi ya baba angali hai. Mzee wa ukoo wa mama husikia kijana anayemdai baba kitu ambacho, kwa desturi, kilipasa kudaiwa kwa mjomba. Kwake baba yule ametoa asichowiwa tangu mwanzo wa mfano, wala si mwishoni tu alipomchinjia ndama. Mimi naona usomaji huu wa tatu haukuharibu mfano hata kidogo. Huenda umeufikia karibu zaidi.

Zito kuliko yote lilikuwa suala la jando. Mtume Paulo awaonya Wagalatia, sura ya 5, kwamba wakikubali kutahiriwa Kristo hatawafaa neno. Mwalimu aliyelisoma fungu hili peke yake alikuwa na jibu tayari: kijana Mkristo asiende jandoni. Misheni nyingine za kusini zilikataza hivyo. Lakini kijana asiyepita jandoni alihesabiwa mtoto, hata akiwa na ndevu. Neno lake halikusikilizwa barazani. Katika Dayosisi ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1926, Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza mpaka mwaka 1944, alifuata njia nyingine. Aliiacha tohara, kutengwa kwa vijana na mafundisho yao, akaondoa aliyoyaona kuwa kinyume cha imani, akaweka sala za Kanisa. Yeye na wenzake waliona kwamba Paulo alisema na watu waliotaka kuhesabiwa haki kwa sheria ya Musa, na jando si sheria ya Musa. Wako waliosema, na wasemao hata leo, kwamba mapadre hawakuweza kujua yote waliyoyabadili, na kwamba unyago wa wasichana uliwashinda zaidi. Naona lawama hiyo ni ya haki. Lakini juu ya maana ya Wagalatia, Lucas alisoma vema kuliko waliokataza.

Na hapa neno lenyewe la mfasiri lina sehemu yake. Kigiriki cha Paulo hutaja kukata kwa kuzunguka, basi. Kiswahili husema kutahiri, neno la Kiarabu ambalo shina lake ni usafi na utakaso. Kwa hiyo msikilizaji wa Ruangwa asikiapo Paulo akikataza kutahiriwa, ni kama asikiaye mtume akikataza usafi. Tena neno hilo moja hubeba tohara tatu: ya Musa, ya Waislamu, na ya jandoni. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuondoa maneno mengi ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu; Padre G. W. Broomfield wa misheni ya Unguja alimpinga katika jarida la Africa miaka ya 1930 na 1931. Katika habari ya lugha, Broomfield alikuwa na haki, maana neno lililokwisha kuzoewa ni la wenyewe. Lakini mwalimu wa kijijini ana swali jingine, si la asili ya neno, bali la kitu ambacho neno hilo humkumbusha asikiaye.

Yafaa pia kusoma Matendo sura ya 16 pamoja na Wagalatia. Paulo yule yule alimtahiri Timotheo, ambaye baba yake alikuwa Myunani na mama yake Myahudi. Wasomaji wa mbali huandika kurasa nyingi kueleza kwa nini alihesabiwa kwa upande wa mama. Mzee wa Nachingwea hana haja ya kurasa hizo. Yeye huuliza mjomba wa Timotheo alikuwa wapi siku ile, na kwa nini kazi yake imefanywa na mgeni.

Leo mali inayobishaniwa ni mikorosho. Baba aliipanda pamoja na wanawe, nao waliipalilia. Afapo, wapwa huja na desturi, wana huja na jasho lao, na mara nyingi wote huja na Biblia. Mwana husoma Wagalatia sura ya 4, juu ya mwana aliye mrithi. Mpwa aweza kumtaja Yakobo. Mwalimu akiitwa kuamua, na asome nao kwanza Luka sura ya 12, mahali ambapo mtu mmoja alimtaka Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi, naye akakataa kuwa mgawanyaji wao. Kisha awaulize wote wawili walisikia nini.