Utenzi uliochelewa kufika vitani



Naandika toka Liuhua, hapa Guangzhou, kando ya ziwa lililochimbwa 1958, na mapajani nina Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Tumezoea kuusifu kuwa ni utenzi wa askari wetu wa Burma. Naomba nipinge kidogo.

Askari gani aliusoma? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944, kwenye mvua na matope, mpaka mto Chindwin. Utenzi ukachapwa 1967, na mtunzi keshafariki tangu 1962! Mahandakini walikuwa na barua za nyumbani na magazeti ya jeshi, Askari na Heshima, ambayo wakubwa waliyasimamia.

Jamani, hapo ndipo uhakiki wetu unapokwama. Twahesabu mizani, hatuulizi nani alisikia. Utenzi husomwa kwa sauti. Ungewafaa hata wasiojua kusoma. Lakini mshairi alikuwa karani wa serikali, si mpiganaji. Anasimulia vita vya dunia nzima, viongozi na mataifa. Yule mwenye matope magotini namtafuta kwa tabu.

Simshushi Shaaban, nampenda mno. Ila tusimpe wasomaji ambao hakuwapata. Wazee wale walipigana, pamoja na mengine, ili njia ya kuja huku China ifunguke. Nani kati yenu ana barua ya babu sandukuni? Hiyo ndiyo fasihi ya handakini. Ileteni kabla mchwa hawajaimaliza.

Nawasilisha.